Kutoka Ngozi hadi Matema: mwongozo kamili wa kuteremka Rungwe na Kyela mpaka Ziwa Nyasa

Ukitaka kwenda Matema, ufukwe wa Ziwa Nyasa kusini magharibi mwa Tanzania, usianze kupanga na siku ya kuondoka nyumbani. Anza na Jumamosi. Asubuhi ya siku hiyo, kwenye kijiji cha Lyulilo, mwendo mfupi wa miguu mashariki ya Matema, akina mama wa Kikisi, wafinyanzi wa mwambao huu, hushusha vyungu kutoka kwenye mitumbwi na kuvipanga mchangani. Ukifika Jumapili utakuta milima, mchanga na maji, na vyote ni vizuri, ila soko litakuwa limeshavunjika. Kwa hiyo ishike Jumamosi kwanza, kisha hesabu siku kurudi nyuma.

La pili: teremka, usipande. Wageni wengi hupanda gari Mbeya, hulala usingizi Tukuyu yote, huamka ufukweni. Wanaipita nusu ya safari wakiwa wamefumba macho. Mvua inayonyesha kwenye misitu ya Uporoto na Mlima Rungwe hukusanywa na Mto Kiwira, mto unapita chini ya daraja la mawe ambalo hakuna fundi aliyelijenga, unachemka ndani ya chungu cha mwamba kiitwacho Kijungu, kisha unatulia kwenye mashamba ya mpunga ya Kyela na kuingia Nyasa. Ukiufuata mto huo kutoka juu, kila kituo kinakueleza kinachofuata. Kutoka ukingo wa Ngozi, ziwa la kreta (shimo la volkano), mpaka mchanga wa Matema utakuwa umeshuka zaidi ya mita 2,000, na mwili wako utajua: asubuhi unatetemeka ndani ya sweta, kesho yake huitaki hata fulana.

Mpango ninaoupendekeza ni wa siku sita. Jumatano fika Mbeya ulale. Alhamisi Ngozi, ulale Tukuyu. Ijumaa Daraja la Mungu, Kijungu na Ziwa Kisiba, jioni uwe Matema. Jumamosi soko. Jumapili Ikombe, kijiji cha wafinyanzi. Jumatatu safari ya kurudi. Ukiwa na siku saba, ongeza maporomoko ya Kaporogwe, ambayo nitayagusa mbele.

Wakati wa kwenda

Juni hadi Oktoba ndio wakati mwepesi. Kyela hupata mvua kubwa kati ya Machi na Mei, na Aprili maji hujaa mashambani kiasi kwamba barabara za vumbi huwa mateso. Tukuyu ni habari nyingine: ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kabisa nchini, na manyunyu hayana adabu ya msimu. Hata Agosti beba koti la mvua. Juni na Julai usiku wa Tukuyu ni wa blanketi mbili.

Kwa upande wa ziwa, jihadhari na upepo wa kusini wa katikati ya mwaka. Ziwa Nyasa limelala kaskazini hadi kusini kwa urefu wa kama kilomita 580, na Matema iko kwenye ncha ya kaskazini kabisa. Upepo ukianza huko kusini, mawimbi yana njia ndefu ya kukusanya nguvu kabla hayajafika kwako. Asubuhi ziwa laweza kuwa kioo, na mchana likawa linapiga kama bahari. Safari yoyote ya mtumbwi au boti iwe ya asubuhi.

Kufika, na vya kubeba

Mbeya inafikika kwa basi kutoka Dar es Salaam, kwa ndege kupitia uwanja wa Songwe, au kwa treni ya TAZARA kwa mwenye muda. Kutoka hapo, Kosta na Haisi za Tukuyu na Kyela hupatikana stendi ya Nanenane. Ni kama kilomita 70 hadi Tukuyu, lami tupu. Usikubali kukaa dirisha la upande wa jua kwa sababu tu kiti kiko wazi. Kushoto ndiko Mlima Rungwe unakojitokeza, karibu mita 3,000, na kulia ni safu ya Uporoto.

Chukua pesa taslimu Mbeya au Tukuyu. Matema utalipa kwa taslimu au kwa simu, na siku mtandao ukigoma, taslimu ndiyo itakayokulisha. Beba viatu vyenye meno, soksi ndefu, koti la mvua, tochi, chandarua kama huviamini vya nyumba za wageni, na khanga mbili hata kama wewe ni mwanamume. Khanga moja ni ya kujifunika, ya pili ni ya kufungia chungu. Nitaeleza.

Neno moja la Kinyakyusa litakufungulia milango mingi: *Ugonile*. Ndiyo salamu. Na ukipewa kitu, sema *ndaga fijo*, asante sana. Usiitumie kama mchezo. Msalimie mzee kwa utulivu, simama, inama kidogo. Wanyakyusa ni watu wa heshima ya salamu, na utaona mama mtu mzima akikunja magoti barabarani kumsalimia mkubwa wake bila kujali mzigo alionao kichwani. Kwa Kiswahili, shikamoo inabaki shikamoo.

Alhamisi: Ngozi

Shuka Isongole, kabla hujafika Kiwira. Hapo utapata bodaboda wa kukupeleka mpaka chini ya mlima, upande wa magharibi wa barabara. Patana nauli ya kwenda, kukusubiri na kukurudisha, yote kwa mara moja. Akikuacha akaondoka, jioni utatembea. Msitu ni wa hifadhi, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, kwa hiyo lipia kiingilio kwa kontroli namba, chukua risiti, na uombe mwongozaji. Usiingie peke yako. Njia iko, lakini ukungu ukishuka, miti yote inafanana.

Kupanda huchukua kati ya saa moja na mbili kutegemea miguu yako na matope. Mwanzo ni mwepesi, mianzi na migomba pori. Mwisho ni mkali, na utashika mizizi kwa mikono. Halafu ghafla hakuna mlima tena mbele yako. Umesimama ukingoni, na chini kabisa kuna ziwa la kijani lenye urefu wa kama kilomita 2.5, limezungukwa na kuta za msitu pande zote, bila mto unaoonekana kuingia wala kutoka. Ni moja ya maziwa makubwa ya kreta barani Afrika. Wengi husema lina umbo la ramani ya Afrika. Mimi nililitazama kwa muda mrefu, na kilichonishika si umbo bali ukimya. Sauti ya ndege mmoja upande wa pili inakufikia kana kwamba yuko begani.

Ondoka mapema. Ifikapo saa sita mchana mawingu mara nyingi huwa yameshafunika kreta, na utakuwa umepanda kuja kutazama ukungu. Kuwa juu saa tatu au saa nne asubuhi ndiyo shabaha. Kushuka mpaka majini kunawezekana kwa wenye mwongozaji mzoefu, lakini ukuta ni mkali mno, na siupendekezi kwa mtu mwenye watoto au magoti mabaya. Kuketi ukingoni kunatosha.

Upande wa pili wa barabara, Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Mlima Rungwe ndiyo makazi ya kipunji, kima mwenye mkia mrefu aliyegunduliwa na wanasayansi mwaka 2003 na kutangazwa 2005. Wenyeji walikuwa na jina lake zamani, ndilo hilo hilo kipunji. Ni wachache na ni waoga. Usiende ukitarajia kumwona kwa asubuhi moja, ila ukipata siku ya ziada na mwongozaji wa hifadhi, msitu wenyewe unalipa.

Lala Tukuyu. Mji huu Wajerumani waliuita Neu Langenburg. Jioni kula ndizi za Rungwe zilizopikwa na nyama au maharage, na ununue maparachichi sokoni. Yale ya hapa yanajaza kiganja.

Ijumaa asubuhi: Daraja la Mungu na Kijungu

Rudi nyuma kidogo kuelekea Kiwira na ukate kushoto, upande wa magharibi. Bodaboda wote wa hapo wanapajua. Daraja la Mungu ni tao la mwamba lililovuka Mto Kiwira, lililoachwa na lava ya volkano za huku huku, maji yakaendelea kupita chini yake. Litazame kutoka pembeni na chini, ndipo utaona unene wake.

Mbele zaidi kuna Kijungu. Hapa mto mzima unaingia kwenye chungu cha mwamba, unazunguka, unatoweka, halafu unatokea chini zaidi kana kwamba hakuna kilichotokea. Jina ni kamili, ni kijungu cha kweli, kimechongwa na maji na mawe yaliyozungushwa humo kwa karne nyingi. Lakini Kijungu kiko ndani ya eneo la Chuo cha Magereza Kiwira. Kwa hiyo jitambulishe getini, eleza umekuja kutembelea nini, lipa kinachotakiwa, na usipige picha za majengo wala za askari. Ukifuata utaratibu utapokewa vizuri.

Sasa jambo ambalo lazima niliseme kwa mkazo. Mwamba unaozunguka Kijungu una utelezi hata siku ya jua, kwa sababu vumbi la maji halikauki. Simama mita kadhaa kutoka ukingoni. Shika mkono wa mtoto, usimwambie tu akae karibu. Usirudi nyuma kinyumenyume kutafuta picha. Mtu akiingia kwenye maji yale hakuna kamba ya kumfikia. Mwongozaji akikwambia basi, iwe basi.

Ijumaa mchana: Ziwa Kisiba, Masoko

Kusini mashariki ya Tukuyu, kwenye kata ya Masoko, kuna ziwa dogo la kreta ambalo wageni wengi hawalitengei hata saa moja. Liko kando ya jengo la mawe la enzi ya Wajerumani, lililokuja kutumika kama mahakama. Simulizi ya wenyeji ni kwamba Wajerumani walipokimbia wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia walitupa mali zao ziwani, na watoto wa hapo watakuonyesha sarafu za zamani wanazosema zimeokotwa ufukweni. Waangalie na uwasikilize, lakini usinunue. Sarafu hizo ni historia ya mahali, na kila anayenunua anawafanya watoto waendelee kuchimba.

Mimi huenda Kisiba kwa ajili ya samaki. Ziwa hili lina upana usiofika kilomita moja na kina cha chini ya mita 40, na ndani yake jamii moja ya samaki inagawanyika kuwa mbili. Wanaoishi kwenye maji ya juu yenye mwanga wana madume ya rangi ya njano, wa kwenye kina wenye giza ni wa buluu. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa makundi haya yameanza kutengana humo humo, bila mlima wala mto kati yao. Kaa chini ya mti, tazama maji ya kawaida kabisa, na ujue kwamba chini yake kiumbe kimoja kinakuwa viwili. Hilo ndilo lililotokea kwa kiwango kikubwa kwenye Nyasa, ziwa lenye mamia ya aina za samaki wa jamii hiyo, ambao wengi hawapatikani popote pengine duniani.

Kutoka Masoko kuna barabara ya vumbi inayoteremka moja kwa moja hadi Ipinda. Kiangazi, kwa gari la juu, ni njia nzuri kuliko zote: chai inaisha, ndizi zinapungua, unaingia kwenye kakao na michikichi, na joto linapanda kila kona. Wakati wa mvua usijaribu. Rudi Tukuyu, shuka kwa lami hadi Kikusya, kisha kamata barabara ya Kikusya, Ipinda, Matema, ambayo nayo sasa ni lami, kama kilomita 39. Wenye siku ya ziada watumie Tukuyu kama kituo kwenda Kaporogwe kusini, maporomoko ya kama mita 40 yenye pango nyuma ya pazia la maji. Utatoka umelowa, kwa hiyo simu iingie kwenye mfuko wa plastiki.

Jumamosi: vyungu vya Lyulilo

Amka alfajiri. Milima ya Livingstone inasimama wima kutoka majini upande wa mashariki, na jua huchelewa kuivuka, kwa hiyo ufukwe unabaki kwenye kivuli cha buluu muda mrefu baada ya kucha. Mitumbwi huanza kuonekana chini ya milima. Kwa mbali huoni watu, unaona duara za vyungu zimepangana.

Vyungu hivi vinatoka Ikombe na vijiji vingine vya Wakisi vilivyobanwa kati ya mlima na maji, ambako ardhi ya kulima ni chache na udongo mzuri ndio shamba lenyewe. Kazi ni ya wanawake. Nunua kama mtu anayejua. Kwanza kinyanyue kwa mikono miwili. Chungu kizuri cha Kikisi ni chepesi kuliko macho yanavyodhani. Pili, kigonge taratibu kwa kifundo cha kidole. Kikilia kama kengele ndogo, kimeiva. Kikitoa sauti butu kama mtu aliyegonga tikiti, kina ufa au moto haukukifikia sawasawa. Tatu, kitazame ndani ukikielekeza kwenye jua. Nne, kipitishe kidole mdomoni kutafuta pengo.

Bei ipatane kwa upole. Salimia kwanza, uliza habari za safari ya majini, ndipo uulize bei. Punguzo dogo litakubaliwa bila shida, lakini ukishusha bei mpaka nusu unamdhulumu mama aliyechimba udongo, akaukanda, akaufinyanga, akauchoma na kuupigia kasia. Picha ziombe kabla, si baada.

Namna ya kukifikisha nyumbani. Safari yangu ya kwanza nilikiweka chungu changu kwenye buti la basi, nimekizungushia nguo, nikiamini nimefanya vya kutosha. Nilifika na vigae. Tangu hapo nafanya hivi: omba majani makavu ya migomba, yajaze ndani ya chungu mpaka yakaze, zungushia mengine nje, funga kwa khanga kama unavyombeba mtoto, na ukipakate safari nzima. Nyumbani, kabla ya kupikia, kiloweke usiku mmoja, kisha chemshia uji mwepesi wa mahindi kwa moto mdogo, kisha uuache upoe humo humo. Uji unaziba vitundu. Usiweke chungu kipya kitupu juu ya moto mkali.

Mchana kula samaki. Mbasa ndiye fahari ya Kyela, samaki mrefu wa fedha anayepanda mito kutaga mvua zikija, na kwa wali wa Kyela unaonukia kabla sufuria haijafunuliwa, hakuna cha kuongeza. Ukiambiwa mbasa amepungua, ni kweli, wavuvi wenyewe watakueleza kuhusu nyavu zinazozuia midomo ya mito. Usiagize mwenye mayai wakati wa kutaga, kula dagaa au magege.

Kuogelea

Maji ya Matema ni safi, na utashawishika. Yapo mambo matatu ya kujua. Karibu na mdomo wa Mto Lufilyo kuna mamba na viboko, usikaribie, hata kama maji yametulia. Uliza wenyeji leo, si wa mwaka jana, ni wapi watu wanaogelea. La pili ni kichocho. Konokono wanaokibeba hupenda majani na maji yaliyotuama, kwa hiyo oga mahali penye mchanga na mawimbi, usikae majini muda mrefu. Hata hivyo hatari haiishi. Wiki sita hadi kumi na mbili baada ya kurudi, nenda ukapime mkojo na choo. Dawa yake, prazikwanteli, inapatikana na inatibu. La tatu, kina hubadilika haraka unapokaribia upande wa milima. Ziwa hili linafika karibu mita 700 sehemu zake za ndani kabisa, na huku mlima unaendelea kushuka chini ya maji kama unavyoonekana juu.

Malaria ipo mwaka mzima. Lala ndani ya chandarua kila usiku, si usiku ule tu unaosikia mbu.

Jumapili: Ikombe

Subiri ibada iishe kama unataka kuwakuta watu, au omba kuingia kanisani nawe, utakaribishwa. Unaweza kwenda kwa miguu, njia inayobana kandokando ya mlima, saa moja na nusu hivi, au kwa mtumbwi. Kwa mtumbwi patana bei kabla, hesabu abiria, na uvae jaketi la kuokolea. Kama hakuna, nenda kwa miguu.

Kijijini mwone kiongozi wa kijiji au mwenyeji wako kwanza, ndipo upelekwe kwa mfinyanzi. Nilimkuta bibi mmoja amekaa chini ya mwembe, miguu imenyooshwa, chungu kikiwa juu ya kigae kilichopinda ambacho alikizungusha kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa na jiwe dogo jeusi, limekuwa laini kama jicho, ambalo alikuwa akilisugua kwenye tumbo la chungu polepole, mstari juu ya mstari, mpaka udongo ukaanza kung'aa. Nikamuuliza, "Bibi, jiwe hili umelitoa wapi?" Akasema ni la mama yake, na mama yake alilikuta kwa mama yake. Akanipa nilishike. Lilikuwa na joto la mkono wake, na upande mmoja ulikuwa na kishimo pale kidole gumba kinapokaa. Nikaweka kidole changu humo, kikatosha.

Nilimrudishia kwa mikono miwili, akaendelea.